Jinsi ya kumshukuru na kumlipa developa anayejitolea

Mimi ni katibu wa mradi mdogo wa programu huria (yaani msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha) ya kutunza hesabu za vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, hapa Dodoma. Siandiki msimbo. Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya waweka hazina wa Nzuguni, Chang'ombe na Kibaigwa, kuyaeleza kwa vijana wanaotengeneza programu, na kuhakikisha vijana hao hawatukimbii. Wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wachache ni waajiriwa wanaowasha kompyuta usiku wakishatoka kazini Mtumba. Hakuna anayelipwa mshahara. Nawe kama unaongoza kundi la namna hii, kanuni ninayoifuata ni hii: gharama zirudishwe zote, kazi isiyopendwa ilipiwe, na kazi inayofanywa kwa mapenzi ishukuriwe kwa jina na kwa undani.

Anza na gharama, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa kimyakimya. Anayejitolea ametoa muda wake. Bando si sehemu ya sadaka hiyo. Mwanafunzi ambaye bumu, hela yake ya kujikimu ya mkopo, halijatoka hatakwambia kwamba ameshindwa kupakua mafaili kwa sababu MB zimeisha. Atanyamaza, na wewe utadhani amechoka. Sisi tunatuma shilingi 10,000 mwanzoni mwa mwezi kwa kila mwenye kazi mkononi, bila kusubiri aombe. Tunatuma pesa kwenye simu, hatununui vocha, kwa sababu kila mtu na mtandao wake. Mweka hazina wa mradi anaandika "gharama ya intaneti" kwenye daftari na wote wanaona. Nauli ya kwenda kukaa na kikundi Kibaigwa inaingia humohumo, na chakula pia.

Sasa shukrani. "Asante sana kwa mchango wako" haimwambii mtu kitu. Mtengenezaji anataka kujua kazi yake ilifika wapi na ilimsaidia nani. Huu hapa ni ujumbe niliomwandikia kijana mmoja wa mwaka wa tatu:

"Habari za leo. Marekebisho uliyoweka Jumanne kwenye ukurasa wa marejesho yamefanya kazi. Jumapili kikundi cha Nzuguni kimefunga hesabu bila kurudia kujumlisha kwa kalkuleta. Mweka hazina wao huwa anatoka pale gizani. Safari hii saa kumi na moja jioni alikuwa ameshafunga daftari. Amesema nikusalimie."

Alijibu: "Shikamoo mama. Kumbe wanaitumia kweli!" Wiki hiyohiyo akachukua dosari nyingine bila kuombwa.

Ukitaka kuandika ujumbe wa namna hiyo, piga simu kwanza kwa mtumiaji. Muulize nini kimebadilika. Kisha taja kitu kilichotengenezwa, siku, mahali na mtu. Uuweke kwenye kundi la wote, isipokuwa mhusika akiwa si mtu wa kupenda kutajwa. Yupo mmoja kwetu wa hivyo, naye namwandikia peke yake. Na usiwasahau wasioandika msimbo: aliyetafsiri, aliyejaribu programu kwenye simu ya zamani, aliyeripoti dosari kwa maelezo kamili pamoja na picha ya skrini.

Kuna shukrani nyingine isiyogharimu hela: kupitia kazi ya mtu mapema. Kijana akileta marekebisho yakakaa majuma bila hata neno, amepata jibu tayari. Wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, usimdai kitu.

Usitoe zawadi kwa kuhesabu. Kampuni ya DigitalOcean ina tamasha la kila Oktoba la kuhamasisha programu huria, na mwaka 2020 ilitoa fulana kwa aliyetuma mapendekezo manne ya mabadiliko. Watu wakaanza kuongeza neno moja moja kwenye maelezo ya miradi wasiyoijua ili wapate fulana, na wanaojitolea wakabaki kufagia takataka hizo. Kanuni ikabadilishwa mwezi huohuo: miradi iliyokubali yenyewe kushiriki ndiyo ikahesabiwa.

Fedha za kazi ndizo zinazohitaji busara zaidi. Mwaka 2006 baadhi ya watu wa Debian, mfumo endeshi wa kompyuta unaojengwa na wanaojitolea, walichangisha fedha kulipa wasimamizi wawili wa toleo jipya ili litoke Desemba. Wengine waliokuwa wakifanya kazi bure miaka yote walihoji kwa nini hawa na si wale, na baadhi wakapunguza kasi. Toleo lilitoka Aprili 2007. Sisemi hela peke yake ndiyo iliyochelewesha, ila ugomvi ule unafundisha: watu huvumilia kutolipwa, hawavumilii kutoelewa nani analipwa na kwa nini.

Kwa hiyo tunalipa kazi, hatulipi vyeo. Desemba vikoba vinapovunjwa na kugawana, simu za waweka hazina haziishi, na hakuna anayependa kukaa kuzipokea. Kazi hiyo inalipiwa. Kuhamisha madaftari ya zamani kuingia kwenye mfumo inalipiwa pia. Tunatangaza kwa wote, kiasi kikiwa wazi, kisha tunaandika ukurasa mmoja: kazi gani, mwisho lini, nusu inatangulia, nusu baada ya kukaguliwa, na msimbo unabaki huria chini ya leseni ileile. Pande mbili zinasaini.

Vyeti vyenye mapambo sivipendi. Andika barua ambayo mwajiri anaweza kuifuatilia: tatizo lilikuwa nini, kijana alifanya nini, kuanzia mwezi gani, na kiungo cha kazi yenyewe.

Mwisho, tazama programu yako imejengwa juu ya kazi za nani. Programu huria ya OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka mpaka hitilafu yake ya usalama iitwayo Heartbleed ilipofichuliwa Aprili 2014. Makampuni makubwa yalikuwa yakiitumia kila siku. Mwombe developa wako orodha ya maktaba mnazotegemea, yaani vipande vya msimbo vya watu wengine vilivyomo ndani ya programu yenu. Ukipata ruzuku, tenga fungu la kuchangia moja au mbili. Nyingi zina ukurasa wa kupokea michango, mingine kupitia tovuti za kuchangia kama GitHub Sponsors au Open Collective. Kama hela hakuna, waandikie kikundi chenu kinafanya nini na kazi yao, na mtaje kijiji.