Kupanda mikoko ni kutunza tope

Anza na maji, mbegu baadaye. Nenda wakati wa bamvu, maji yanapojaa zaidi, uone maji yanafika wapi, urudi yakipwa uone yanatuama wapi. Katika aina za mikoko, mlilana hukaa mbele kabisa, upande wa bahari, mkoko wenyewe hufuata kwenye tope laini, mkandaa nyuma, na mchu utaukuta mbele na hata kule nyuma penye chumvi kali. Mkoko ukipandwa mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa. Wala usipande juu ya nyasi za bahari kwa kuwa pameonekana uwanja mtupu. Nazo zinazika chini yake kaboni, ile inayovutwa na mimea kutoka hewani.

Msitu uliokatwa zamani huenda hauhitaji mche hata mmoja. Tafuta kilichoziba maji, tuta au barabara, ufungue njia. Mbegu huletwa na maji. Lakini watu wanapenda kupigwa picha wakishika miche!

Mbegu ya mkoko ni ile ndefu ya kijani inayoning'inia mtini. Usiikwanyue. Ikikomaa hutokea pete ya manjano chini ya tunda, ukiigusa inatoka yenyewe. Acha zilizotobolewa na wadudu. Maji yakipwa, chomeka theluthi yake topeni, ncha chini, ukiacha kama mita moja hadi nyingine.

Vijana wetu hapa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, huziba pua kwa ile harufu ya yai viza. Nawaambia hiyo ndiyo dalili njema: mle hamna hewa, kwa hivyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno, na kaboni hubaki chini karne kwa karne. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu huu imo humo, haimo mitini. Ukikata miti, tope likakauka na kupigwa na hewa, kaboni ile inarudi angani.

Ndiyo maana kulinda kunashinda kupanda. Mradi wetu wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, unauza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, yaani unalipwa ili hewa hiyo isibaki angani, kutoka hekta 117, na hekta nyingi kati ya hizo ni msitu uliokuwepo tayari. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, basi pitia kwanza kwa watu wa misitu upate idhini. Na mtu akikatazwa boriti za mikoko atajengea nini? Panda mivinje nchi kavu, mapema, kabla hujamkataza.