Namna ya Kuwavuta Chozi kwenye Bustani ya Nyumbani

Chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, wanaishi Entebbe na Kampala mwaka mzima, wala huhitaji kuwatundikia chombo cha maji ya sukari. Kwa kawaida chozi hunywa nekta akiwa ametua, kwa hiyo chagua mimea yenye mashina imara na maua ya mrija, kisha uipange ipokezane kuchanua.

1. Mvua zinapoanza, Machi au Septemba, sia mbegu za kifumufumu, kama Waganda wanavyouita, mahali penye jua. Shina lake lina pembe nne, na maua ya rangi ya machungwa hutokeza kwenye vitufe vyenye miiba, kimoja juu ya kingine. Chozi hushika shina chini ya kitufe na kuingiza mdomo ua baada ya ua. Kata vitufe vilivyokauka kabla mbegu hazijamwagika, la sivyo utapalilia kifumufumu msimu mzima.

2. Ng'oa machipukizi ya shubiri, uyaache kivulini siku chache hadi jeraha likauke, ndipo uyapande kwenye udongo usiotuamisha maji.

3. Ukiwa na nafasi, chomeka fimbo nene ya mjirikiti mbali na ukuta. Mti huu huchanua maua mekundu aghalabu ukiwa hauna majani, wakati wa kiangazi, maua mengine yanapoadimika.

Haibiskasi nayo hutembelewa, ingawa mara nyingi kwa wizi: tazama kitako cha ua utaona mpasuko mdogo ambapo chozi amenyonya nekta bila kugusa chavua.

4. Acha kupulizia dawa za wadudu. Makinda hulishwa wadudu na buibui, na utando wa buibui ndio unaofunga nyuzi za kiota kinachoning'inia. Kwa hiyo usifagie kila utando ulio upenuni.

5. Chozi hupenda pia ua la zambarau linaloning'inia mwishoni mwa mkungu wa ndizi, lakini hilo usiwaachie. Tangu mnyauko wa bakteria uripotiwe kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001, wakulima hushauriwa kulivunja mara tu chana la mwisho linapojitokeza, kwa sababu wadudu wanaolitembelea hueneza ugonjwa. Tumia kijiti chenye panda badala ya kisu, ambacho huhamisha bakteria kutoka mgomba hadi mgomba.