Ukipiga Yowe Saa Nane Usiku, Nani Atatoka? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Nyumba ya Kwanza Pembezoni mwa Mtwara

Dalali atakupeleka kuiona nyumba Jumamosi saa nne asubuhi. Rangi mbichi, geti limepigwa mswaki, kuku wanadonoa, watoto wanarusha mpira wa makaratasi. Saa nne asubuhi hakuna mtaa mbaya Mtwara nzima. Nenda Mangamba, nenda Naliendele, nenda Mitengo ambako ujenzi umeshamiri tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ianze kazi, kote utapenda. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba ziara ya dalali haihesabiki. Itabidi urudi peke yako, na urudi usiku.

Nilijifunza hilo nikiwa mpangaji. Mtaa siutaji, maana wapo watu wenye heshima zao pale. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na nyumba ya nne kulikuwa na unyago, muziki umefunguliwa mpaka mabati yanatetemeka. Wezi walichana wavu wa dirisha kwa wembe, wakaingiza mti mrefu wenye msumari uliopindwa, wakaivuta suruali yangu iliyoning'inia nyuma ya mlango, simu na pochi vikiwa mfukoni. Niliamshwa na ufunguo ulioanguka sakafuni. Nikaiona ncha ya ule mti inarudi dirishani polepole, kama mtu anayevuta mshipi. Nikapiga yowe kwa nguvu zangu zote. Hakutoka mtu. Kulia pagala, kushoto pagala, nyumba ya mbele familia nzima ilikuwa bado shamba Tandahimba na korosho zao, na waliobaki mtaani walikuwa ngomani.

Tangu siku ile, nyumba yoyote ninayoonyeshwa naipima kwa yowe. Nasimama getini saa tatu usiku, nageuka pande zote, nahesabu taa. Sihesabu zile za mbali zinazopendeza machoni, nahesabu za nyumba ambazo sauti yangu itafika. Nilijiwekea nne kuwa ndiyo chini kabisa, na katika hizo nne angalau moja iwe na mzee. Wazee hawalali sana. Mzee mmoja anayeamka mara tatu usiku ni mlinzi ambaye hakuna mtu anayemlipa.

Mapagala ni habari ndefu kidogo, na kwa mji wetu ina sababu yake. Habari za gesi asilia zilipopamba moto, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, watu walinunua viwanja huku kwa pupa. Wengine hawakuwa hata wakazi. Kuta zikapanda mpaka usawa wa lenta, makandarasi wakaondoka, wapangaji waliotarajiwa hawakuja, na nyumba zikabaki hivyo mpaka leo, mwarobaini umeotea sebuleni. Pagala moja lenye mwenyewe anayejulikana halina shida sana, kwa sababu kuna mtu wa kupigiwa simu vichaka vikizidi. Linalotisha ni lile ambalo ukiuliza ni la nani, kila mtu anakutajia jina tofauti. Humo ndimo vibaka wanamoficha walichoiba mpaka kukuche, na humo ndimo nyoka wanamozaliana. Nyoka nao ni usalama. Kama una mtoto anayetambaa na uwanja wa jirani una majani yanayofika kiunoni, hilo lihesabu pamoja na wezi.

Sasa namna ya kupata habari za mtaa. Usianze na mwenyekiti, anza na bodaboda. Nenda kijiweni mjini saa nne usiku, taja mtaa unaotaka kuhamia, halafu msikilize dereva. Akikubali papo hapo kwa bei ya kawaida ya usiku, vizuri. Akikuuliza "unaingia ndani kabisa au nakuacha barabarani?", hapo mpe nafasi aendelee kusema, maana ana sababu. Mimi mmoja alinipeleka mpaka lami inapoishia, akazima pikipiki, akaniambia, "Bro, humo mimi siingii, nenda tu na tochi." Ile nyumba niliiacha palepale, na dalali hakuelewa hadi leo kwa nini nilikuwa sipokei simu zake.

Wa pili ni mama wa vitumbua. Ameamka saa kumi alfajiri, ameshawasha moto kabla ya adhana, kila anayepita gizani anapita mbele yake. Siku ya kwanza kula tu, ulipe, uondoke. Siku ya pili ndiyo uulize, na usiulize "kuna wezi hapa?" kwa sababu hakuna mtu atakayemwambia mgeni kwamba mtaa wake una wezi. Uliza vitu vinavyolala nje. Mama mmoja, baada ya shikamoo na stori za bei ya unga wa mchele, alinijibu hivi: "Ndoo mwanangu unaiacha nje na asubuhi unaikuta. Kiti unaikuta. Ila nguo mpya usianike ukalala." Sentensi tatu, na nilijua kuhusu mtaa ule zaidi ya nilivyoambiwa na dalali kwa mwezi mzima. Ukipita mapema mwenyewe utaona: kama viti vya plastiki vimelala barazani na baiskeli imeegemezwa ukutani bila mnyororo, mtaa unalala vizuri. Kama hata fagio limeingizwa ndani, wenyeji wanajua wanachokiogopa.

Ndipo uende serikali ya mtaa. Mwenyekiti utamkuta na mengi, lakini mambo ya kumuuliza ni machache. Kuna ulinzi shirikishi? Mchango wake ni kiasi gani, na je, kuna daftari la waliolipa? Daftari liombe ulione. Likiwa na kurasa za miezi mitatu tu halafu weupe, ulinzi ulikufa siku nyingi na kinachobaki ni maneno. Muulize pia polisi kata ni nani na namba yake, kwa kuwa kiongozi anayefanya naye kazi atakupa namba bila kupekua droo. Mimi huuliza na jingine ambalo wengi wanaona ni la ajabu: mwizi wa mwisho aliyekamatwa hapa alifanywa nini? Ukijibiwa kwa fahari kwamba "alichomwa", usione ndiyo usalama. Mtaa unaomchoma mtu bila kumsikiliza siku moja utamkosea mpwa wako aliyekuja likizo na hafahamiki na mtu.

Wenyeji wa zamani wana kumbukumbu nyingine pia. Mei 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi, barabara fulani zilifungwa kwa matairi yanayowaka na watu walijifungia ndani siku kadhaa. Muulize mtu mzima mtaa wake ulikuwaje siku zile, na kama kulikuwa na njia ya pili ya kutokea. Nyumba yenye njia moja tu ya kuingia na kutoka ni tatizo siku ya fujo, siku ya moto na siku ya mgonjwa.

Njia yenyewe itembee kwa miguu. Toka pale gari linapokushusha mpaka mlangoni, usiku, ukiwa na mfuko wa sokoni mkononi, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyorudi kila siku. Viunga vyetu vingi vilikuwa mashamba ya mikorosho, na mikorosho mikubwa haina mchezo: matawi yanashuka mpaka chini na kivuli chake usiku ni kama chumba. Hatua mia mbili chini ya mikorosho si sawa na hatua mia mbili za barabara wazi. Kama ni mke, dada au binti ndiye atakayepita hapo saa moja jioni, mwende naye, na jibu lake lizidi lako.

Mvua. Huku kwetu msimu ni mmoja, unaanza kama Novemba au Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo anayenunua Agosti ananunua kwa upofu. Tafuta alama ya maji ukutani, ule mstari wa kahawia ambao rangi mpya huwa inauficha. Angalia nyumba za jirani ambazo hazikupakwa. Ukinunua upande wa Lindi mjini, kumbuka mji umekaa kati ya vilima na bahari, na maji ya kilimani yana njia zake walizozijua wazee kabla viwanja havijapimwa. Vimbunga navyo si hadithi za Msumbiji peke yake. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, Aprili 2019 Kenneth alitufanya Mtwara tufunge ofisi na shule tukisubiri, na Mei 2024 Hidaya alivuruga pwani hii na kukata barabara ya kwenda Dar. Panda ngazi uangalie paa: bati limeshikwa kwa misumari ya kawaida au kwa skrubu, na kenchi zimefungwa ukutani au zimekalishwa tu. Kama unavutiwa na kiwanja cha ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Muuzaji atakwambia "wote wamejenga". Ni kweli wamejenga.

Kuhusu ukuta nina ugomvi kidogo na watu. Mgeni akinunua nyumba, jambo la kwanza ni kuinua fensi mpaka shingoni mwa nyumba na kupanda vipande vya chupa juu. Akishaingia ndani ya ukuta huo, mwizi anafanya kazi kwa raha zake, na jirani haoni kitu. Mimi nilichagua ukuta wa kifuani na juu yake nondo zinazopitisha macho. Grili za madirisha weka, lakini angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili yenye kufuli linalofunguliwa kwa ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo hata mtoto anapajua. Moto ukianzia mlangoni, grili zinakufungia ndani. Zimamoto ni 114. Pima pia kama gari lao litapita kwenye kichochoro chako, na kama banda la makuti la jirani limegusana na bati lako.

Mbwa? Waulize majirani kwanza. Sehemu kubwa ya mitaa yetu ni ya watu wanaoswali, na mbwa anayezurura akigusa nguo za mtu anayeelekea msikitini amekuvunjia ujirani kabla hajakukamatia mwizi. Kwetu tunafuga kanga. Wana kelele mbaya sana, na hawana dini.

Karatasi nitazipitia haraka, ingawa zimemaliza watu. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, usikubali nakala ya simu. Kama kiwanja hakijapimwa, majirani wa pande zote wasimame kwenye mipaka na waseme kwa midomo yao. Mke au mume wa muuzaji asaini ridhaa, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila mwenzake. Nalitaja hapa kwenye usalama kwa sababu panga nyingi nilizosikia zimeinuliwa viungani hazikuwa za wezi. Zilikuwa za mipaka.

Na ukiweza, panga chumba mtaani humohumo miezi mitatu kabla ya kutoa hata shilingi ya awali. Kodi ya chumba haifiki gharama ya kujuta. Utasikia ngoma za usiku, utajua nani anakunywa na nani anapigana, utaona mtaa ukiwa nusu tupu msimu wa korosho na ukiwa umejaa pesa na kelele malipo yakitoka.

Nilipohamia kwangu, nilinunua filimbi tano, zile za refa, nikawapelekea majirani wanne pamoja na salamu na namba yangu ya simu. Ya tano niliitundika kwenye mchago wa kitanda. Siku ya pili, saa nane mchana, mwanangu wa miaka sita aliichukua akaipuliza mfululizo mpaka pumzi ikamwishia. Mzee wa nyumba ya pili alitoka mbio na shuka kiunoni, panga mkononi, sabuni bado masikioni, akiuliza wamepita wapi. Nilimwomba radhi mpaka nikachoka. Alinigombeza vizuri sana, akarudi kumalizia kuoga.