Ukimsindikiza mgonjwa Gujarat, fika Junagadh

Wengi wetu wa Kisumu na Nyando tunaofika Gujarat, jimbo la India, huwa tumemsindikiza mgonjwa Ahmedabad, kwa pesa za harambee. Matibabu yana siku za kungoja. Daktari akikuruhusu kutoka, na mgonjwa akiwa na mtu wa kukaa naye, panda treni ya usiku iendayo Veraval, ushuke Junagadh.

Nje ya stesheni patana bei na mwenye tuktuk kabla hujaketi, kisha umwambie akupeleke kwenye mwamba wa Ashoka, uliochongwa maandishi ya kale. Wageni hukimbilia mlima Girnar. Mimi nasema anza na mwamba. Uko kando ya barabara hiyohiyo ya mlimani, umejengewa nyumba ya kuukinga. Maandishi ni ya Kibrahmi, hati ya kale ya India, kwa hivyo tafuta tafsiri kwenye simu mapema. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mfalme Ashoka alitangaza kwamba ameweka tiba ya watu na tiba ya wanyama, amepeleka mitishamba mahali isipokuwepo, na amechimba visima njiani. Ukiwa umeacha mtu wodini, soma hapo polepole.

Mwamba huohuo una habari za ziwa Sudarshana, lililotokana na kuziba mito kwa ukingo. Mwaka 150 hivi baada ya Kristo dhoruba ilibomoa ukingo, maji yakaisha, watu wakalia. Mtawala Rudradaman aliujenga upya kwa hazina yake bila kuwatoza raia. Karne ya 5, enzi ya mfalme Skandagupta, ukabomoka tena, ukajengwa tena, na hilo nalo likachongwa. Mimi ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Ahero, na najua mto Nyando ukivunja kingo mpunga huwaje. Natamani kingo zetu ziandikwe vivyo hivyo: nani alijenga, na kwa fedha za nani.

Ngome ya Uparkot iko karibu. Usikose Adi Kadi Vav na Navghan Kuvo, visima vilivyochongwa ndani ya mwamba wenyewe, na mzinga wa vita uitwao Neelam, uliotengenezwa Misri mwaka 1531.

Girnar uanze kesho yake, kabla jua halijachomoza. Hadi kilele cha Dattatreya ni ngazi zipatazo 10,000. Tangu 2020 kuna vigari vya kuning'inia kwenye waya, ila upepo ukizidi husimamishwa, na vinakushusha karibu na hekalu la Ambaji, juu zaidi ya mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe. Ukitaka kuliona hekalu la Neminath, mwalimu mkuu wa Wajaini, la karne ya 12, utateremka ngazi kwa miguu. Goti likiuma, lifikirie hilo kwanza. Mshipi na pochi ya ngozi viache hotelini, viatu vivue mlangoni, wala usipige picha sanamu bila ruhusa.

Jioni pita Mahabat Maqbara, kaburi la nawabu, yaani mtawala wa Kiislamu wa hapo, lililokamilika 1892. Kaburi la jirani lina minara yenye ngazi zinazoizunguka kwa nje, watoto wataipenda.

Ukibakiwa na siku, nenda Gir ukaone simba wa Asia. Hifadhi hufungwa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Huko huko, kijiji cha Jambur kinakaliwa na Wasidi, wazao wa Waafrika waliovuka bahari zamani. Nenda kama mgeni anayebisha hodi: salimia wazee kwanza, kamera ikae mfukoni mpaka waseme sawa.