SOMO: Umekuta minyoo kwenye samaki wa mto? Fanya hivi

Wakuu, kila wiki napokea picha ileile: samaki kapasuliwa, mnyoo anajinyonganyonga, "nimtupe au nimle?" Naandika leo mara moja.

1. Toa matumbo mapema. Samaki akikaa na joto, baadhi ya minyoo hutoboa utumbo wakahamia kwenye mnofu.

2. Osha ndani utazame. Utepe mweupe mrefu tumboni ni Ligula. Mnyoo mwekundu kama damu ni Eustrongylides. Vijipunje vya manjano mnofuni au karibu na mashavu ni Clinostomum.

3. Inua minofu kwenye mwanga mkali, uwachomoe kwa ncha ya kisu. Mabuu wa minyoo ya ini hutawaona, hawafiki hata nusu milimita.

4. Pika hadi katikati ifike nyuzi 63 za Selsiasi. Ukifanya hivyo, umemaliza.

5. Kugandisha, kwa anayetaka kula mbichi. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilisukuma samaki mzima, mnene, kwenye friza iliyojaa, nikahesabu siku 7 tangu nilipofunga mlango. Nilikuwa nimeshakula vipande viwili nilipofika kwenye mgongo nikakuta nyama laini; haikuwa imeganda hata kidogo. Niliweka kipande kwenye maji ya vuguvugu, buu akajikunjua. Kanuni ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na siku hizo zinaanza pale KATIKATI ya samaki inapofika baridi hiyo. Pima kwa kipimajoto, maana friza nyingi za nyumbani hazifiki huko. Kwa samaki mwenye unene wa zaidi ya sentimita 15, usitegemee kanuni hii. Na penye minyoo ya ini mimi sigandishi, napika.

MASWALI

— Ndimu si inaivisha samaki, mkuu?
Haiivishi. Inageuza rangi ya mnofu na kuukaza, buu anabaki hai. Moshi wa baridi nao vilevile.

— Nimekuta mnyoo mwekundu, ni nini huyo?
Hatua ya 2. Soma kwanza.

— Nimesoma yote ila sina kipimajoto. Friza yangu inagandisha barafu vizuri tu.
Barafu huganda kwenye sifuri. Sisi tunazungumzia 20 chini yake. Pika.

— Mbona samaki wa kwenye vidimbwi vya pembeni wana vijipunje vya manjano vingi, wa mkondoni hawana?
Swali zuri sana hili. Clinostomum aliyekomaa huishi kinywani na kooni mwa ndege wanaokula samaki, kama korongo. Mayai huangukia majini, buu huingia kwenye konokono, huzaliana humo kwa wingi, kisha hutoka kumtafuta samaki. Maji yaliyotulia yenye majani ndiko waliko konokono, na ndege husimama hapohapo kuwinda. Hesabu konokono wa pande zote mbili utuletee majibu, ningependa kujua.

— Matumbo nampa mbwa, sawa?
Yachemshe kwanza. Tegu wa samaki hukomaa hata ndani ya mbwa, na kinyesi chake kikifika majini mzunguko unaanza upya.

— Nyongeza: damu ya kwenye uti ikwangue kwa kijiko, utaona vizuri zaidi.
Asante, nimekuwa nikitumia kidole miaka yote. Na ubao wa samaki mbichi usikatie kachumbari.