Mguu kifundo: hatua kwa hatua, kuanzia hogo hadi viatu

Mtoto mwenye mguu kifundo huzaliwa unyayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya elfu moja, wavulana zaidi ya wasichana. Haikuletwa na kupatwa kwa mwezi wala na jinsi mama alivyolala akiwa mjamzito. Kukanda kwa mafuta ya nazi hakuunyooshi, hata bibi akiwa na mikono mizuri kiasi gani. Tiba tunayotumia ni ya Daktari Ignacio Ponseti, aliyeianzisha Iowa, Marekani. Hapa kwetu inapatikana hospitali kama CCBRT, Dar es Salaam.

1. Njoo mapema

Wiki mbili za mwanzo ndizo nzuri zaidi, kwa kuwa kano bado ni laini. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo. Siku ya kliniki mwogeshe mtoto vizuri, maana atakaa wiki nzima bila kuoga miguu. Usimnyonyeshe akashiba njiani: nataka anyonye wakati namfunga, mtoto anayenyonya hulegeza mguu.

2. Hogo

Nauelekeza unyayo kidogo kidogo kwa vidole, bila nguvu, kisha nafunga hogo, yaani plasta ngumu ya kuushikilia mguu, kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Likiishia chini ya goti, huchomoka. Hubadilishwa kila wiki, na kwa wengi hutosha matano hadi saba.

Nyumbani, kazi yako ni vidole. Kibonyeze kidole kiwe cheupe, ukiachie. Damu irudi mara moja. Siku ya kwanza fanya hivyo kila saa, baadaye mara chache kwa siku. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikivimba, rudi hospitali usiku huo huo. Vikianza kuzama ndani, hogo limeteleza. Nalo ni la kurudi, usingoje siku ya kliniki. Akilala, weka khanga iliyokunjwa chini ya mguu, kisigino kibaki hewani. Na tafadhali usiloweke hogo usiku wa kuamkia kliniki ili kuturahisishia. Mguu ukibaki wazi saa nyingi huanza kurudi ulikotoka.

3. Kano ya kisigino

Hapa wazazi wengi hushtuka. Unyayo ukishageuka vizuri, kwa watoto walio wengi kisigino bado hakishuki. Tunatia ganzi, tunakata kano kwa tundu dogo lisilohitaji nyuzi, kisha tunafunga hogo la mwisho la wiki tatu. Kano huota tena, ikiwa ndefu zaidi. Doa dogo la damu kwenye hogo ni kawaida: lizungushie kalamu, likivuka mstari, rudi.

4. Viatu vya upau

Siku hogo linatoka, mguu umenyooka, na familia hudhani kazi imekwisha. Kwangu mimi ndipo inapoanza. Viatu vya upau ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau. Mguu ulionyooka hurudi kupinda viatu hivyo vikiachwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watoto kurejea kliniki.

Miezi mitatu ya kwanza viatu huvaliwa saa 23 kwa siku. Ile moja ni ya kuoga na kujinyoosha. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, hadi afike miaka minne au mitano. Ndiyo, miaka.

Mvishe soksi za pamba. Anza na mguu uliokuwa mbaya zaidi, sukuma kisigino hadi kikae chini, kaza mkanda wa katikati kwanza. Kisigino kikiinuka, fungua uanze upya. Kiatu kilicholegea ndicho kinachochubua. Wekundu mdogo hupita, lengelenge halipaswi kuwepo. Usipake mafuta pale penye wekundu.

Usiku wa kwanza na wa pili atalia. Shika upau, ukunje na kunyoosha miguu yote pamoja kwa mchezo, atajifunza kupiga teke la pamoja. Shangazi atasema mnamtesa mtoto, vueni. Mlete naye kliniki, nitamweleza mwenyewe. Baba naye ajue kufunga mikanda, isiwe kazi ya mama peke yake.

5. Akianza kutembea

Mchana atembee kama wengine. Mtazame akiwa peku: akikanyagia ukingo wa nje, akitembea kwa vidole, au kiatu cha usiku kikianza kumkataa kisigino, mlete wiki hiyo. Mara nyingi hogo moja hadi matatu huurudisha mguu mahali pake, kisha viatu vinaendelea.