Kumwahi mwanachuo kabla hajapotea: ninavyotuma tahadhari na pongezi

Juzi mkufunzi mgeni hapa chuoni Nyegezi, Mwanza, aliniuliza nawafuatiliaje wanachuo zaidi ya mia wa uhasibu. Nilimwonyesha daftari langu, ila nimeona niandike kabisa, kwa sababu wengi wetu tunaanza kumtafuta kijana akiwa ameshabeba sapu tatu, yaani mitihani ya marudio.

Hatua ya 1. Mahudhurio na zoezi fupi kila wiki, kuanzia wiki ya kwanza. Sahihisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 2. Weka rangi. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianza mwaka 2007 kutumia mfumo wa kompyuta unaomwonyesha mwanafunzi kijani, njano au nyekundu, kama taa za barabarani. Mimi natumia kaunta buku na kalamu tatu, na sibadilishi: jina nililoliandika kwa mkono silisahau. Akikosa vipindi viwili mfululizo, au mazoezi mawili yakiwa chini ya nusu, ni njano. Yote mawili kwa pamoja, nyekundu. Fanya hivyo kabla ya wiki ya nne kuisha.

Hatua ya 3. Tanguliza pongezi. Namba yako isiingie kwenye simu ya kijana kwa mara ya kwanza ikiwa na habari mbaya. Na usiandike "hongera, umefanya vizuri", hiyo anaweza kutumiwa yeyote. Andika: "Urari wako wa swali la tatu umekubali bila kufutafuta. Nimefurahi." (Urari ni orodha ya salio zote za hesabu; umekubali maana yake pande zote mbili zimelingana.)

Hatua ya 4. Ujumbe wa tahadhari. Hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka mmoja nilimwandikia kijana: "Umekosa vipindi vinne. Usipojirekebisha utadisko," yaani utaondolewa chuoni kwa kufeli. Tiki mbili za bluu, kisha kimya cha wiki mbili. Mwenzake akanipeleka mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, asubuhi, nikamkuta anashusha dagaa, suruali imelowa hadi magotini. "Shikamoo mwalimu," akasema, macho chini. "Niliposoma nilijua nimeshafukuzwa." Tahadhari yangu ilikuwa imemfungia mlango.

Tulikaa juu ya gunia nikafungua daftari. Siku alizokosa zilikuwa zimekaa mafungumafungu, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Kijana alikuwa anavua giza lote ili apate ada, mbalamwezi anarudi darasani. Tulimhamishia kundi la jioni, na muhula ule alifaulu.

Tangu hapo ujumbe wangu una mambo manne: nilichokiona, kinachowezekana bado, swali moja, na mahali pa kunikuta. Mfano: "Habari za asubuhi. Sikukuona Jumanne na Alhamisi, na zoezi la tatu sijalipata. Kati ya alama 40 za mazoezi, 28 bado hazijatolewa, zinatosha kukuvusha. Kuna kitu kimekukwamisha? Kesho saa saba mchana nitakuwa chini ya mwembe, nje ya maktaba."

Neno kudisko lisionekane. Usitume Ijumaa jioni, atalala na hofu hiyo siku mbili hana wa kumuuliza. Usiweke kwenye kundi la WhatsApp hata kama umeficha majina, namba za usajili wanajuana wote. Meseji ya kawaida ni bora, maana bando huisha. Kama namba ni ya mzazi au ya jirani, usitaje alama. Omba tu akupigie. Siku mbili zikipita bila jibu, piga simu wewe. Isipopatikana, mwambie CR (kiongozi wa darasa) ampelekee salamu zako, asimwambie sababu.

Hatua ya 5. Akija, uliza kwanza anakaa wapi, anakula nini, nauli anapata wapi. Vitabu baadaye. Usiahidi hela, la ada mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, tena mguu kwa mguu, usimwelekeze tu.

Hatua ya 6. Akigeuka, mwambie wiki hiyohiyo. Usisubiri apate A. Yule kijana wa Kirumba nilimwandikia: "Wiki hii vipindi vyote vitatu nimekuona, na swali la mwisho umelijaribu." Alijibu usiku wa manane, yuko ziwani: "Asante mwalimu. Kesho nakuja na zoezi la nne."